Kabla au Baada ya Isha

Mezani kwangu kuna karatasi mbili, na zote mbili zinadai kunisoma mimi. Zimetoka katika programu moja ya kompyuta, zimechapishwa na mtu mmoja, jioni moja. Ya kwanza inasema nilizaliwa Newala tarehe 23 Novemba 1999, saa 1:50 usiku. Ya pili inasema tarehe hiyohiyo, mji huohuo, saa 2:10. Tofauti yao ni dakika 20. Kwa karatasi ya kwanza naweza kuolewa hata kesho. Kwa ya pili, mwanamume atakayenioa anahofiwa kufa kabla ya wakati wake.

Aliyezichapisha ni mama wa rafiki yangu ninayesoma naye shahada ya uzamili. Ni Wahindu wenye asili ya Gujarat, wanakaa Kisutu, Dar es Salaam, karibu na mahekalu yao. Nilikwenda kula, nikabaki mpaka usiku, mazungumzo yakafika pale ambapo siku hizi mazungumzo yangu yote yanafika: posa yangu imekwama. Shangazi wa mchumba wangu, mwenyeji wa Masasi, alipeleka majina yetu kwa mwalimu wa falaki, na jibu lililorudi ni kwamba mmoja wetu ni moto na mwingine ni maji. Hakuna aliyesema posa imevunjika. Wamesema tu tusubiri, na kwetu neno hilo linaweza kuchukua miaka. Mama wa rafiki yangu alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza: "Mwanangu, wewe ulizaliwa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Cheti changu cha kuzaliwa hakina saa, na hata tarehe yake ni ya kubuni: 1 Januari 2000. Karani mmoja aliiandika nilipotakiwa kuanza shule, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumwonyesha. Mama yangu alikwishafariki wakati huo. Darasani kwetu tulikuwa wengi tuliozaliwa 1 Januari.

Mimi nasoma fasihi. Nimefundishwa kuyauliza maandishi maswali machache: nani anasema, anamwambia nani, na amejuaje anachokisema. Siamini kwamba sayari hupanga ndoa. Lakini watu ninaowapenda wanaamini, na uamuzi wao utanifika niamini nisiamini. Basi nimeamua kuzisoma karatasi hizi kwa kazi ninayoijua, kama ninavyosoma riwaya au utenzi.

Kwanza elimu yenyewe. Wahindu huiita jyotisha, na misingi yake si migumu kuielewa. Njia ambayo Jua, Mwezi na sayari hupita angani imegawanywa katika buruji 12, kila moja nyuzi 30. Ni zilezile tulizozizoea pwani kwa majina ya Kiarabu, Hamali, Thauri, Jauza na kuendelea, ambazo magazeti yetu huziita Punda, Ng'ombe, Mapacha. Wanaotembea humo ni tisa: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtari, Zuhura, Zohali, kisha Rahu na Ketu. Hawa wawili wa mwisho hawaonekani. Ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua, na kwa kuwa huko ndiko kupatwa hutokea, hadithi yao inamwona Rahu kama kichwa kilichokatwa ambacho hulimeza Jua, nalo likatokea tena shingoni kwa sababu hakuna tumbo la kulihifadhi. Hesabu na hadithi zimekaa pamoja bila kugombana. Hapo mtu wa fasihi huanza kupendezwa.

Juu ya buruji 12 Wahindu wana mgawanyo mwingine, wa zamani zaidi kwao, wa vituo 27 vya Mwezi. Mwezi hulala takriban usiku mmoja katika kila kituo. Hivi huitwa nakshatra. Kimojawapo ni Krittika, nami nilipoonyeshwa picha yake nilicheka kwa sauti, maana ni Kilimia. Kile kishada cha nyota ndogo ambacho wazee wetu huangalia kabla ya kutia mbegu ardhini, kinachotajwa katika methali ya kuzama kwa jua na kuzuka kwa mvua, ndicho Thuraya ya Waarabu na ndicho Krittika ya Wahindu. Kwao ni mama walezi sita walionyonyesha mungu Kartikeya. Kwetu jina lake limetokana na kulima. Na mwezi wao wa Kartika umeitwa hivyo kwa sababu ndani yake mwezi mpevu huonekana karibu na kishada hicho.

Kitu cha mwisho, na ndicho kilicholeta taabu yangu yote, ni lagna. Ni sehemu ya buruji inayochomoza mashariki dakika ile mtoto anapotoka. Kwa kuwa dunia hujizungusha mara moja kwa siku, buruji zote 12 huchomoza ndani ya saa 24, kila moja kwa saa mbili hivi. Buruji inayochomoza inakuwa chumba cha kwanza cha maisha yako, inayofuata chumba cha pili, hadi 12: mwili, mali, ndugu, mama, watoto, maadui, ndoa, mauti, bahati, kazi, faida, hasara. Sayari ziko palepale zilipo kwa watoto wote waliozaliwa siku hiyo duniani. Lagna ndiyo inayoamua Mirihi yako ameingia chumba gani. Bila saa na mahali, hakuna kundali, yaani ule mchoro wa mraba uliokatwa kwa mistari ya mshazari kama mgongo wa bahasha.

Linganisha na nyota za gazetini. Kizazi cha wazazi wetu kilizijua kupitia Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, mtu ambaye utabiri wake wa mwaka mpya ulisubiriwa kama hotuba. Gazeti halikuulizi saa wala mahali. Linataka siku na mwezi wa kuzaliwa tu, kisha linawapa watu wote wa buruji hiyo sentensi moja. Tena linahesabu buruji kwa majira ya mwaka, kuanzia Jua linapovuka ikweta mwezi Machi, wakati jyotisha inazihesabu kwa kuzifuata nyota zenyewe. Kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole sana, hesabu hizi mbili zimeachana na sasa zinapishana nyuzi 24 hivi, karibu buruji nzima. Kwa hiyo kwa tarehe 23 Novemba gazeti linaniita Mshale, jyotisha inaliweka Jua langu katika Nge, na cheti changu cha karani kingenifanya Mbuzi. Tayari nina nyota tatu, na mwalimu wa falaki hajaanza kuzungumza.

Siku ya pili nilimpigia bibi simu Newala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nilimweleza ninachotaka. Hakushangaa. Alisema nilizaliwa mwaka aliokufa Nyerere, mwezi na siku kadhaa baada ya msiba. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, hilo halina ubishi. Ulikuwa usiku wa nusu ya Shaabani, wanaume wako msikitini wanasoma Yasini. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwishapiga, korosho za mwisho ziko uani juu ya mkeka, na yeye ana wasiwasi nazo. Nilipokwisha kutoka alitoka nje kumwaga maji, akaona mwezi mkubwa umekaa chini ya Kilimia, juu ya mikorosho.

"Saa ngapi, bibi?"

"Baada ya Isha."

Nilichukua kalamu. Ramadhani ya mwaka ule ilianza karibu na tarehe 9 Desemba, basi usiku wa nusu ya Shaabani ni jioni ya Jumanne tarehe 23 Novemba, ukiacha nafasi ya siku moja kwa tofauti za kuandama. Mwezi ulipevuka asubuhi ya siku hiyo. Jioni hiyo, kwa hesabu yoyote ya wanaanga, Mwezi ulikuwa umekipita Kilimia kwa kitambo kidogo, na kwa kuwa kinachofuata nyuma huchomoza baadaye, mtu aliyesimama Newala akitazama mashariki angeuona chini ya Kilimia. Bibi yangu, ambaye hajui kusoma, alikuwa amenipa tarehe kwa ushahidi wa aina tatu: msiba wa taifa, kalenda ya Kiislamu na anga. Mama wa rafiki yangu alipoingiza tarehe hiyo kwenye programu, alinitazama akasema ulikuwa mwezi mpevu wa Kartika, na kwamba Mwezi ukiwa katika Ng'ombe huhesabiwa uko katika cheo chake cha juu. Alifurahi kama vile nimemletea zawadi.

Hata jina la siku lina mgogoro. Kwa serikali ilikuwa Jumanne. Kwa bibi, jua lilikwishazama, basi ulikuwa usiku wa kuamkia Jumatano na hesabu yake ni ya Jumatano. Kwa Wahindu siku huanza jua linapochomoza, kwa hiyo bado ilikuwa Jumanne, siku ya Mirihi.

Na Mirihi ndiye mwenye kesi. Newala, jioni ile, Ng'ombe alikuwa anamaliza kuchomoza. Dakika chache baada ya saa mbili usiku Mapacha wakaanza. Kama nilizaliwa saa 1:50, lagna yangu ni Ng'ombe, na Mirihi aliyekuwa katika Mbuzi anaangukia chumba cha tisa, cha bahati. Mshtari na Zohali, waliokuwa pamoja katika Hamali, wanaangukia chumba cha 12, cha hasara na kukaa mbali na kwao. Kama nilizaliwa saa 2:10, kila kitu kinasogea chumba kimoja: Mshtari na Zohali wanahamia chumba cha 11, cha faida, na Mirihi anaingia chumba cha nane, cha mauti. Mirihi katika chumba cha nane ni mojawapo ya hali zinazoitwa dosari ya Mangala. Mwanamke mwenye dosari hiyo, inasemwa, humzika mumewe.

Mama wa rafiki yangu alinyamaza alipoiona karatasi ya pili. Kisha akaanza kunitetea, na nilipenda sana namna alivyonitetea. Mirihi katika Mbuzi yuko katika cheo chake cha juu, akasema, na wengi wanashika kwamba hilo huondoa dosari. Ukihesabu kutoka kwa Mwezi badala ya lagna, Mirihi yuko chumba cha tisa, hakuna neno. Na kama mtu bado ana hofu, kuna ndoa ya kwanza ya kufungwa na mti, ili balaa lote liishie kwa mti. Huko India mara nyingi ni mgomba. Niliwaza kwamba kwetu ungekuwa mkorosho, na kwamba chama cha ushirika kingetaka kujua mazao ni ya nani.

Sasa nihukumu kama mhakiki. Mchoro wa kundali ni kazi nzuri. Ndani ya mraba mmoja mdogo umewekewa anga zima kama lilivyokuwa juu ya paa moja, usiku mmoja, na ukijua kuusoma unaweza kurudisha kutoka humo tarehe na kukadiria saa. Maandishi machache yana uaminifu wa namna hiyo kwa kile yanachokisimulia. Nimeukagua mchoro wangu kwa vitabu vya wanaanga, na sayari ziko pale zilipokuwa.

Shida iko katika kurasa sita za maelezo yanayoufuata. Lugha yake ni ya mtu asiyekuwepo. Nitapata heshima baada ya juhudi. Nitasafiri. Nina moyo mwema ila nihadhari na marafiki wa uongo. Karatasi zote mbili zinasema hivyo, ingawa michoro yake inapingana. Pale mchoro ulipothubutu, maelezo yamerudi nyuma na kutafuta sentensi isiyoweza kukosea, na mwandishi anayekataa kukosea hana anachonipa. Katika hilo maelezo ya programu na nyota za gazetini ni ndugu wa tumbo moja. Sehemu pekee niliyoisoma mara mbili ni mfuatano wa vipindi, dasha, unaoyagawa maisha katika mzunguko wa miaka 120 kwa kuanzia na kituo cha Mwezi. Mwezi wangu ulikuwa katika Rohini, kituo kinachofuata Krittika, basi nilianza na kipindi cha Mwezi, kikaja cha Mirihi, na sasa niko katika miaka 18 ya Rahu. Huo angalau ni muundo wa masimulizi. Una sura, na sura zina urefu usiolingana, kama maisha.

Kuhusu kama yanatabiri kweli, mwanafizikia Jayant Narlikar na wenzake walifanya jaribio Maharashtra wakalichapisha mwaka 2009. Wanajimu 27 walipewa kila mmoja michoro 40 ya watoto, baadhi wenye akili sana na baadhi wenye ulemavu wa akili, watenganishe. Walipatia kwa wastani asilimia 46. Shilingi ukiirusha hewani inapatia 50. Hata hivyo mwaka 2004 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India ilikataa kuzuia vyuo vikuu kufundisha jyotisha. Sijui kama shangazi wa mchumba wangu angejali lolote kati ya hayo.

Yeye, hata hivyo, hatumii jyotisha. Mwalimu wa Masasi hutumia njia inayosambazwa katika vitabu vinavyopewa jina la Abu Mashari, yule mnajimu wa Balkh aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka 886. Hata hao walikuwa wamesoma kwa Wahindi na Waajemi na Wayunani, na Wahindi nao walikuwa wamepokea mengi kutoka kwa Wayunani. Lakini njia ya jina haitazami anga kabisa. Inachukua jina lako na jina la mama yako, kila herufi ya Kiarabu inapewa thamani yake ya abjadi, unajumlisha, unatoa 12 mpaka zisitoke tena. Kinachobaki ndicho buruji yako. Chukua Mohamed: 40, 8, 40 na 4, jumla 92. Mama yake ni Amina, 96. Jumla 188, ukiondoa 12 mara 15 unabaki na 8, naye ni Akarabu, Nge, tabia yake maji. Mohamed huyohuyo angezaliwa na Fatuma, 135, angebaki na 11, akawa Dalu, tabia yake upepo.

Kwa muda mrefu nilidharau njia hii. Niliiona ni hesabu ya watoto ikilinganishwa na ile ya Wahindu. Nimebadili mawazo, kwa sehemu. Jyotisha inamhitaji mtu mwenye saa amesimama mlangoni, na mtu wa kuandika. Iliwafaa nyumba zenye kuhani na kalenda. Njia ya jina iliwafaa watu wengine wote, waliozaliwa bila shahidi mwenye saa. Haikuuliza wewe ulizaliwa lini, iliuliza nani alikuzaa, na hilo hata mtu aliyepoteza kila kitu bado analijua. Na inamtaka mama, haimtaki baba. Kwetu Wamakonde, ambao ukoo wetu unafuata upande wa mama, na kwa Wayao wa Masasi vilevile, swali hilo halikuwa geni hata siku moja. Elimu ya Baghdad ilipopanda mlima wetu ilikuta watu wanaomtambua mtu kwa njia hiyohiyo.

Udhaifu wake ni mwingine. Mama yangu alikuwa na majina mawili, la Kiislamu alilopewa msikitini na la Kimakonde aliloitwa nyumbani mpaka anakufa. Jina lake la nyumbani lina sauti ambazo abjadi haina herufi yake, na mwalimu angelazimika kuchagua herufi ya jirani. Ametumia la msikitini, lililotumwa kwa ujumbe wa simu. Nimejaribu la nyumbani kwa kila tahajia niliyoweza kuifikiria, na limenipa buruji tatu tofauti. Mama ambaye hata ndugu zake hawakumwita kwa jina lile ndiye aliyenifanya moto.

Katika kundali mama ana chumba chake, cha nne. Kwenye karatasi ya saa 1:50 chumba hicho ni kitupu. Nilipouliza, niliambiwa utupu hauna ubaya, unamsoma mwenye chumba popote alipo. Kwenye karatasi ya saa 2:10 humo amekaa Zuhura, na maelezo yanasema mama mpole, mpenda mapambo. Mama alipenda mapambo, bibi husema hivyo. Nikajikuta, mimi nisiyeamini, nataka saa iwe 2:10, dosari na yote.

Kabla sijampigia bibi tena nilikwenda Masasi kumwona shangazi, kwa adabu, nikiwa na khanga na sukari. Kutoka Newala unashuka ukingo wa uwanda, bonde la Ruvuma likiwa wazi upande wako na Msumbiji ng'ambo, kisha vinaanza vile vilima vya mawe matupu vinavyouzunguka mji wa Masasi. Kule lagna ingekuwa na kichekesho chake, maana mtu anayeangalia mashariki anaangalia jiwe, na nyota humfikia zimekwishachelewa. Programu haijui hilo. Kwake dunia yote ni tambarare kama meza.

Shangazi alinipokea vizuri. Hatukuitaja falaki. Alinipa chakula, akaniuliza habari za masomo, akaniuliza bibi hajambo, na nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Sijui kuisoma heshima ile.

Nilikuwa njiani nikamkumbuka Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya habari za watu wetu kwa kitabu chake. Ana mengi ya kudharauliwa. Lakini anaeleza kamba ya magome yenye mafundo 11 ambayo Mmakonde alimwonyesha. Mume akisafiri humwachia mkewe kamba hiyo na kumweleza fundo moja moja: hili ni leo ninapoondoka, hili niko njiani, hili ndipo nafika, hili naanza kurudi. Kila siku mke afungue fundo moja, na siku ya kumi apike, kwa sababu siku ya 11 mume yuko mlangoni. Katika maandishi yote ya wakati niliyoyataja hapa, hilo ndilo ninaloliona bora. Linaahidi jambo moja, kwa mtu mmoja, na lina siku ya kujulikana kama limesema uongo. Tena kalamu yake iko mkononi mwa msomaji.

Nilimpigia bibi usiku, saa mbili kamili, kwa makusudi.

"Bibi, ile siku niliyozaliwa. Uliposema baada ya Isha, watu walikuwa wametoka msikitini au bado?"

"Nitajuaje wa msikitini? Mimi nilikuwa nimemshika mama yako mgongo."

"Lakini ulisema baada ya Isha."

"Nilisikia adhana ya Isha, wewe hujatoka. Ukakawia. Ukatoka. Nikakuosha. Nikatoka nje, mwezi nikauona." Akanyamaza, nikamsikia anasogeza kitu, labda sufuria. "Mama yako aliuliza kama ni wa kike, nikamwambia ndiyo, akacheka. Hilo limo katika karatasi zako?"

Nikamwambia halimo.

"Basi." Kisha, kwa sauti ileile anayotumia kuuliza kama nimekula: "Na huyo kijana wa Masasi. Mama yake ni mtoto wa nani?"